Shangazi na chupa ya shilingi 85,000

Shangazi yangu wa Kigamboni hapigi simu asubuhi. Saa yake ni saa 3 usiku, taarifa ya habari ikiisha, ndipo anapoanza kutukumbuka mmoja mmoja. Kwa hiyo simu ilipoita saa 11 alfajiri na jina likawa lake, nikajua ama kuna msiba ama kuna sukari.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Sikiliza mwanangu, na usinifokee. Kimashine kinasema 17."

Sukari ya 17 hata chai hajanywa, mtu ambaye mwezi uliopita alikuwa anacheza kwenye 7 na 8. Nikamuuliza kama anakunywa dawa. Akanyamaza. Shangazi akinyamaza, jibu umeshalipata.

"Nimezipumzisha kidogo," akasema baadaye. "Nimepata dawa nyingine, ya miti. Hii haihangaiki na sukari, inakwenda kwenye mzizi. Inaondoa oksidi."

Nafundisha kemia sekondari, huu ni mwaka wa 16. Neno oksidi nimeliandika ubaoni mara nyingi kuliko jina langu, ila sikuwahi kudhani siku moja litanitoa kitandani.

Nilimwambia arudie metformini, dawa yake ya sukari ya hospitali, siku hiyo hiyo pamoja na chakula, anywe maji, na asipoona mabadiliko aende kliniki bila kunisubiri. Jumamosi nikapanda kivuko pale Magogoni, nimebanwa kati ya bodaboda mbili na mama mwenye beseni la samaki, nikamfuata.

Chupa yenyewe nikaikuta juu ya friji. Nyeupe, kubwa, ina picha ya jani upande mmoja na picha ya moyo upande mwingine. Ndani vidonge vya vitamini E, vitamini C, unga wa mlonge na mbegu za zabibu. Shilingi 85,000, ilikatwa kwenye mgawo wake wa vikoba. Kijana aliyeiuza alikuja kwenye kikao cha kikundi amevaa shati jeupe na tai, jua la saa 9, akawatoa akina mama nje na kuwaonyesha paa la nyumba. "Mnaliona hilo bati? Kisukari ni kutu. Mwili wa mwenye sukari unaota kutu kutoka ndani. Dawa za hospitali zinashusha namba tu, kutu inabaki palepale."

Nilikaa mkekani nimekasirika, na kilichoniudhi zaidi ni kwamba nusu ya maneno ya yule kijana ni kweli.

Kutu Kigamboni haihitaji kuelezwa. Upepo wa bahari unakuja na chumvi, na bati jembamba linaanza kuchorwa ramani kabla mkopo uliolinunua haujaisha. Bawaba za milango zinalia, nondo za dirisha zinabambuka. Kinachotokea ni wizi: oksijeni inakipora chuma elektroni zake. Mwilini pia kuna wizi wa aina hiyo. Zipo chembe huru, molekuli zenye elektroni iliyobaki bila mwenzake, zisizotulia mpaka zimpore jirani. Jirani aliyeporwa naye anamgeukia wa tatu. Mwili una askari wake wa kuzizima. Chembe zikiwazidi askari, ndipo wataalamu wanasema kuna msongo wa oksidisho, jina ambalo hata mimi likinitoka mdomoni naona aibu kidogo.

Ila kutu, kama mfano, ina kasoro moja. Inakufuata kutoka nje. Chembe huru za mwenye sukari zinazaliwa ndani, kwenye moto wa jikoni kwake mwenyewe. Kwa hiyo nililiacha bati, nikamvuta shangazi uani alikokuwa amebandika maharage.

"Shangazi, ukijaza mkaa mpaka juu halafu ukapepea kwa nguvu, unapata nini?"

"Cheche. Na kanga inatoboka."

Basi ndiyo hivyo. Karibu kila seli ya mwili ina majiko madogo yanayoitwa mitokondria. Chakula kinachomwa mle, elektroni zinapitishwa mkono kwa mkono kama ndoo za maji kwenye msururu wa watu, na mwisho wa msururu zinapokelewa na oksijeni. Hata siku ya kawaida chache zinadondoka njiani. Zikidondoka zinaishika oksijeni kabla ya wakati wake na kuzaa supaoksidi, ambayo ndiyo cheche yenyewe. Sukari ikijaa kwenye damu, majiko yanajazwa kupita kiasi, msururu unasongamana, na ndoo zinamwagika hovyo.

Si seli zote zinazoumia sawa. Misuli ina mlango, na insulini ndiyo inayoufungua. Sukari ikizidi, mlango unaweza kubanwa. Kuta za mishipa midogo ya macho, baadhi ya seli za figo na mishipa ya fahamu hazina uwezo huo wa kubana. Damu ikiwa na sukari 17, na ndani ya seli hizo panakuwa na sukari tele. Mwaka 2001 mtafiti wa Marekani, Michael Brownlee, ambaye mwenyewe alipata kisukari cha aina ya kwanza, aliandika kwenye jarida la Nature kwamba njia zote kubwa zinazojulikana za sukari kuharibu viungo zinaweza kuanzia hapo pamoja: supaoksidi nyingi kutoka kwenye mitokondria. Macho, figo, ganzi ya miguu, chanzo kimoja. Wapo wanaoona alirahisisha mno, ila mpaka leo ukisoma somo hili utaanza na yeye.

Baba yangu, kaka yake shangazi, alimaliza miaka yake miwili ya mwisho akisafishwa damu mara tatu kwa wiki. Sikuhitaji kumkumbusha shangazi. Alikuwa anakoroga maharage ambayo hayakuhitaji kukorogwa.

Kwa hiyo kijana wa tai hakudanganya kuhusu kutu. Alidanganya aliposema dawa za hospitali zinaiacha.

Nianze na metformini, maana ndiyo aliyoiacha, na ndiyo ninayokunywa na mimi tangu mwaka juzi. (Wiki ya kwanza tumbo lilinikimbiza kutoka kidato cha tatu mpaka chooni mara mbili katika kipindi kimoja. Wanafunzi walikuwa waungwana. Hali hiyo inapita kwa wengi, hasa ukinywa na chakula na kuanza na dozi ndogo.) Shangazi aliniambia, kwa ile sauti ya kumfundisha mtoto, kwamba hiyo ni kemikali na yake ni ya miti. Hapo nikacheka. Metformini mizizi yake ni mmea, galega, jani la porini la Ulaya ambalo watu wa kale walilitumia kwa magonjwa mbalimbali. Ndani ya galega mna kemikali inayoshusha sukari lakini yenye sumu. Wanakemia wakatengeneza ndugu zake walio salama zaidi, na mwaka 1957 daktari Mfaransa Jean Sterne akachapisha matokeo ya kuwapa wagonjwa wa kisukari mmoja wa ndugu hao, metformini. Akaiita Glucophage, mla sukari.

"Kumbe nayo ni ya miti," akasema.

"Ya miti, ila imepimwa."

Inafanya nini kwenye cheche? Kwanza inalizuia ini lisitengeneze sukari ya ziada usiku, kwa hiyo mkaa unaoingia jikoni unapungua. Hilo peke yake linapunguza chembe huru. Lakini pia imeonekana maabara inaingia mpaka ndani ya mitokondria na kukipunguza kasi kituo cha kwanza cha ule msururu wa ndoo, mahali ambapo umwagikaji wa elektroni ni mkubwa. Mwendo ukipungua pale, supaoksidi inapungua. Seli nayo inahisi nishati imeshuka kidogo, inaamsha kimeng'enya kinachoitwa AMPK, na hicho kinazihimiza seli kuongeza askari wao wenyewe. Ni kiasi gani cha faida ya metformini kinatokana na njia hii, na kiasi gani kinatokana na sukari kushuka tu, wataalamu bado wanabishana, na dozi za maabara mara nyingi ni kubwa kuliko zinazofika kwenye damu ya mtu. Faida yenyewe haina ubishi mkubwa. Uingereza walifuatilia wagonjwa wapya kwa miaka mingi, matokeo yakatoka 1998: katika kundi la watu 342 wenye uzito mkubwa waliopewa metformini, vifo vilivyotokana na kisukari vilikuwa pungufu kwa asilimia 42 ukilinganisha na waliotegemea lishe. Hapo watu walihesabu makaburi, hawakuhesabu chembe huru.

Ina madeni yake. Ukiinywa miaka mingi vitamini B12 inaweza kushuka, na ganzi ya upungufu huo ukaidhania ni ganzi ya sukari. Na inatoka kwa njia ya figo, kwa hiyo figo zipimwe.

Dawa ya pili ya shangazi ndiyo yenye kisa. Zamani alikuwa anakunywa glibenklamaidi, ile wengi wanaiita Daonil. Hiyo inaziamuru seli beta za kongosho zimwage insulini, mtu amekula hajala. Siku moja, miaka mitatu nyuma, alikunywa asubuhi, akaahirisha kula kwa sababu ya msiba wa jirani, na saa 6 mchana tukampata amekaa kwenye ngazi ya msikiti anatoa jasho kama kamwagiwa ndoo, anaita jina la marehemu mama yake. Kimashine kikasoma 2.6. Soda nusu chupa ikamrudisha. Wiki ile ile daktari wa kliniki akambadilishia gliklazaidi. Kwa wazee ndivyo inavyoshauriwa siku hizi. Orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani ilihamia gliklazaidi mwaka 2013, ikaonya kwamba glibenklamaidi haiwafai waliopita miaka 60, kwa sababu hiyo hiyo ya sukari kushuka ghafla.

Mwalimu wa kemia akiziangalia dawa hizi mbili anaona kingine. Zote ni za ukoo mmoja, lakini molekuli ya gliklazaidi ina pete ya ziada yenye nitrojeni ambayo dada yake hana. Pete hiyo inazikamata chembe huru. Inafanya hivyo kwenye bomba la maabara bila sukari kuhusika kabisa, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Uingereza waliwahamisha wagonjwa kutoka glibenklamaidi kwenda gliklazaidi: sukari ikabaki palepale, alama za chembe huru kwenye damu zikashuka. Nakiri nilipolisoma hilo nilifurahi kuliko inavyostahili. Utafiti ulikuwa mdogo, na tofauti ile haijawahi kuthibitishwa kuwa ndiyo inayookoa macho au figo. Lakini seli beta ni maskini wa askari. Zina vimeng'enya vichache sana vya kuzima cheche ukilinganisha na ini. Ukiwa unazipiga viboko zifanye kazi, si vibaya kiboko kikiwa na maji kidogo.

Pioglitazoni, insulini, na zile mpya za kumwaga sukari kupitia mkojo kama dapagliflozini, nazo kila moja imeonyesha kupunguza cheche kwa njia yake. Za mkojo zinavutia kwa figo na moyo, na naona zinazidi kuingia madukani kwetu. Bei yake ndiyo inayonifanya nisiziongelee sana kwenye mkeka wa Kigamboni.

Kuna moja tu ya ziada niliyomsimulia shangazi, kwa makusudi. Iliitwa troglitazoni. Waliitengeneza wakaipachika kipande cha vitamini E kwenye molekuli yake: ishushe sukari na papo hapo iue cheche. Kwenye karatasi hakuna dawa nzuri kama hiyo. Ikaanza kuua maini ya watu. Uingereza iliondolewa 1997, Marekani mwaka 2000.

"Na vitamini E yake?"

"Na vitamini E yake."

Akaigeuza ile chupa, akatafuta neno hilo kwenye karatasi. Shangazi hasomi Kiingereza lakini herufi E anaijua.

Nisieleweke vibaya, vitamini E si sumu kwa dozi ya kawaida. Shida ni kwamba imeshapewa nafasi ikashindwa. Kwenye utafiti mmoja uliotolewa mwaka 2000, watu zaidi ya 9,500 walio katika hatari ya magonjwa ya moyo, zaidi ya 3,500 kati yao wakiwa na kisukari, walipewa uniti 400 za vitamini E kila siku au kidonge kitupu, wakafuatiliwa zaidi ya miaka minne. Mshtuko wa moyo, kiharusi, vifo: hakuna tofauti. Miaka miwili baadaye Uingereza ikaja na watu zaidi ya 20,000, mchanganyiko wa vitamini E, C na betakarotini. Hakuna tofauti tena.

Na hapa ndipo kemia ya darasani inapokwama. Ukikata bilinganya ukaiacha inageuka rangi. Ukiikamulia limau inabaki nyeupe. Nimefanya jaribio hilo mbele ya wanafunzi mara nyingi, na najua baadhi yao wamekua wanaamini mwili ni sahani ya bilinganya. Cheche za mitokondria zinaishi sehemu ndogo mno ya sekunde. Vitamini iliyomezwa na chai asubuhi inatakiwa ifike ndani ya seli, ndani ya jiko, wakati huohuo. Ni kumtuma mtu Kariakoo akazime moto wa Kigamboni. Isitoshe si kila cheche ni adui. Mwaka 2009 Ujerumani waliwafanyisha mazoezi vijana kwa wiki nne, nusu wakinywa vitamini C na E. Waliofanya mazoezi bila vidonge miili yao ikaanza kuisikia insulini vizuri zaidi. Wenye vidonge, faida hiyo haikuonekana. Mwili ulikuwa unazitumia zile cheche chache za mazoezi kama kengele ya kuwaita askari, na vidonge vikaizima kengele.

Mlonge sina ugomvi nao, wala mdalasini. Tia kwenye mboga, tia kwenye chai. Kwa bei ya mboga.

Jioni ile binamu yangu, mtoto wa mwisho wa shangazi, alirudi kazini, na hapo nikakumbuka jambo ambalo nadhani hospitalini kwetu linaulizwa mara chache kuliko inavyopaswa. Yeye ana upungufu wa kimeng'enya cha G6PD. Utotoni alipewa dawa fulani ya malaria mkojo ukawa kama chai ya rangi. Kimeng'enya hicho ndicho kinachozilisha chembe nyekundu za damu silaha za kuzima oksidi, na upungufu wake ni wa kawaida kwenye maeneo ya malaria kama pwani yetu. Sasa angalia: dawa za ukoo wa glibenklamaidi zinakuja na onyo kwamba mtu mwenye upungufu huu damu yake inaweza kuvunjika. Na kile kipimo cha sukari cha miezi mitatu kinategemea chembe nyekundu kuishi muda wake wote. Zikifa mapema, kama kwake au kwa mwenye selimundu, namba inatoka ndogo kuliko ukweli na mtu anapongezwa bure. Nilimwambia siku akianza kupimwa sukari alitaje mapema. Akanijibu, "Dada, mimi sina sukari." Ana miaka 38 na kiuno cha baba yangu.

Usiku nikafungua daftari la shangazi. Anaandika sukari ya asubuhi peke yake, na kila asubuhi anajitahidi iwe nzuri kama mtu anayefagia uwanja mkaguzi akija. Nikamwomba kesho yake apime baada ya kifungua kinywa pia. Alianza na 9.8, baada ya siku kadhaa za kurudia dawa. Chai ya maziwa, vitumbua vitatu. Saa moja na nusu baadaye, 16.2. Kabla ya chakula cha mchana, 9.1.

Louis Monnier na wenzake wa Ufaransa walionyesha mwaka 2006, kwa wagonjwa 21 wa kisukari cha aina ya pili, kwamba kupanda na kushuka kwa namna hiyo kulikwenda sambamba na alama za oksidisho kwenye mkojo zaidi kuliko wastani wa sukari wenyewe. Ni wagonjwa 21 tu, na waliojaribu kwa aina ya kwanza hawakuona hivyo, lakini shangazi alipoziona zile namba tatu zimepangana kama mlima hakuhitaji Mfaransa. Aliuliza kitu kimoja: kitumbua kimoja na yai je? Tukakubaliana atajaribu Jumatatu.

Nilirudi Kigamboni baada ya wiki sita. Chupa ilikuwa jikoni, imeoshwa, imejaa iliki. Juu ya paa fundi alikuwa anang'oa bati upande wa baharini, anazitupa chini moja moja kwa kelele, na shangazi amesimama mbali anamsimamia, mkono kiunoni.

"Umeniletea stripu za kimashine?" akaniuliza kabla sijamwamkia. "Zimebaki tatu."